Paka Wangu Anapulizia Ukuta Mkojo, na Kisumu Ilianza Hivyo Hivyo

Niseme mapema kabla hamjasikia kwa majirani: keja yangu inanuka mkojo wa paka. Na usidhani ni ile harufu unafungua dirisha inaisha. Hii inaingia kwa nguo. Unapanda matatu ya kwenda taoni, na msee aliyekaa kando yako anafungua dirisha bila kukuangalia usoni.

Paka mwenyewe anaitwa Mbuta. Nilimpa jina hilo kwa sababu akiwa mdogo alikuwa anameza omena nzima nzima bila kutafuna, kama mbuta ndani ya ziwa. Nilimtoa Dunga, kwa mama mmoja anayeanika omena, akiwa saizi ya kiganja changu. Sasa amepita mwaka, ana mashavu kama ya mheshimiwa, na kuanzia Machi ameamua kwamba kila kitu ndani ya bedsita yangu ya Manyatta ni chake. Anaupa ukuta mgongo, mkia unasimama wima, unatetemeka kidogo, halafu fyuu. Ukuta. Pazia. Gunia la makaa. Stendi ya simu ninayorekodia. Na siku moja, begi langu la chuo, ambalo sikuwa nimelifungua tangu niache masomo mwaka wa pili kwa sababu ya ada.

Landlodi alikuja Jumatatu asubuhi. Hakuingia. Alisimama mlangoni, akavuta hewa mara moja tu, akasema: "Kijana, ama paka atoke, ama mtoke wote wawili. Nakupa wiki mbili."

Binamu yangu, ambaye tunagawana kodi, alikuwa na suluhisho hapo hapo. "Omera, mtie kwa gunia, mpeleke Kibuye. Sokoni hakuna mtu atamjua."

Wengi wenu mngecheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nishafanya hivyo. Nilikuwa na miaka 12, mama akanituma na gunia, ndani kuna paka dume aliyekuwa anakojolea sofa. Nilimfungulia nyuma ya soko, nikakimbia bila kugeuka. Mpaka leo sijui aliishia wapi, na ni kitu huwa kinanijia usiku nikikosa usingizi. Kwa hivyo nilipoliona gunia mkononi mwa binamu, nilimwambia tu: hapana, nipe siku chache.

Wikendi hiyo nikakimbilia Gem, kwa dani. Nilipoinama kumsalimia akarudi nyuma nusu hatua. "Nyakwara, unanuka nini?" Nikamweleza yote. Dani alicheka mpaka akafuta macho na leso. Kisha akasema kitu kilichonifanya nisahau hata chai:

"Siku hizi mnafukuza paka? Mama yangu alikuwa akituambia, enzi zao panya walikuwa wanahesabiwa. Kila mtu ana idadi yake ya kuua. Mwenye paka alikuwa mtu wa bahati."

Panya kuhesabiwa? Na nani? Kwa nini? Hapo ndipo nilianza kuchimba. Nilikuwa natafuta vile ya kutoa harufu kwa ukuta, nikajikuta nasoma historia ya Kisumu mpaka saa nane usiku. Na nimegundua hizi habari mbili ni moja. Kaa chini nikupeleke polepole.

Kwanza, anapuliza kwa nini?

Paka wa nyumbani wote duniani, hata yule wa London mwenye kitanda chake cha manyoya, wametokana na paka pori anayeitwa Felis lybica. Watafiti waliolinganisha jeni za paka walilitangaza hilo mwaka 2007. Na huyo paka pori hajaisha. Bado anaishi Afrika, Kenya ikiwemo. Kwa hivyo Mbuta ana ndugu zake huko porini ambao hawajawahi kulipiwa kodi.

Kisiwani Cyprus, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta paka amezikwa kando ya binadamu, kaburi la kama miaka 9,500 iliyopita. Maana yake ni kwamba wakati ule tayari kuna mtu alikuwa amembeba paka kwa chombo cha baharini. Na sababu ya urafiki huu ni rahisi: watu walianza kulima, wakaweka nafaka ghalani, panya wakaja kula nafaka, paka akaja kula panya. Ng'ombe tulimfunga kamba. Paka alijileta mwenyewe, akaona mambo ni fiti, akakaa.

Shida ni kwamba alikuja na tabia zake zote. Paka pori anaishi peke yake. Hana kundi kama simba, na hataki kukutana na paka mwingine uso kwa uso kwa sababu kupigana ni kuumia, na akiumia hawezi kuwinda. Sasa anafanyaje? Anaacha notisi. Anapulizia mti au jiwe, kwa urefu wa pua ya paka mwingine, na ile harufu inasema: hapa pana mwenyewe, ni dume, alipita saa fulani. Mwingine akifika ananusa, anaelewa, anabadilisha njia. Mkojo huo unazuia vita.

Na ni mkojo mzito kweli. Mababu zake waliishi nchi kavu, kwa hivyo figo za paka hukamua maji mpaka tone la mwisho. Juu ya hayo, ndani yake kuna kitu kinaitwa felinini, ambacho kikikaa hewani kinavunjika na kutoa ule uvundo unaofanya macho yalie. Dume ambaye hajahasiwa ndiye mwenye felinini nyingi kuliko wote. Kwa hivyo ukimchapa paka kwa sababu ya kupulizia, unamchapa kwa kosa ambalo kwake si kosa. Tena unamtia hofu, na paka mwenye hofu anapulizia zaidi. Niliijua hiyo nikiwa nishamrushia Mbuta sapatu mara mbili. Samahani, Mbuta.

Kwa kifupi, paka anapulizia pale anapohisi mipaka yake inatikiswa. Shika hiyo sentensi, tutairudia.

Reli ilileta watu, na haikuleta watu peke yao

Sasa tuje Kisumu. Waingereza walianza kujenga reli Mombasa mwaka 1896. Ilifika ziwani Desemba 1901, na mahali ilipoishia wakapaita Port Florence, kwa heshima ya Florence, mke wa mhandisi mmoja wa reli. Pwani hii ilikuwa na wenyewe, watu walikuwa wanabadilishana samaki na nafaka hapa miaka na mikaka, lakini mtu alishuka kwa reli na kubandika jina la mke wa mwenzake. Kama hiyo si kupulizia ukuta, basi sijui ni nini.

Jina hilo halikudumu, Kisumu ikarudi. Lakini reli ilibaki, na reli ni kitu kizuri kwa panya. Magunia ya nafaka, stoo za mabati, maduka yaliyobanana, mabehewa yanayotoka pwani ambako meli za dunia nzima zinatia nanga.

Wakati huo huo dunia ilikuwa na janga. Tauni ilikuwa imelipuka Hong Kong mwaka 1894, na huko ndiko Alexandre Yersin alitambua bakteria wake. Mwaka 1896 ikafika Bombay. Mwaka 1898 Mfaransa Paul-Louis Simond, akiwa Karachi, akaonyesha kwamba viroboto wa panya ndio wanaoibeba: panya akifa, kiroboto anatafuta damu nyingine, na binadamu yuko karibu. Bombay na Karachi zilikuwa zinafanya biashara na pwani yetu kila msimu. Unaona hii hadithi inaelekea wapi.

Mwaka 1902 tauni ikapiga Nairobi. Mji wenyewe haukuwa na miaka mingi. Wakubwa walifanya nini? Walichoma bazaar ya Wahindi. Yaani maduka na nyumba za watu, moto. Na miaka michache baadaye ikawa zamu ya Kisumu, mwisho wa reli, kuugua tauni.

Hebu fikiria kama panya. Nyumba yako inachomwa. Unakaa uungue? Unahama, na viroboto vyako mgongoni.

Daktari aliyepima miji kwa pua

Mwaka 1913 serikali ya Uingereza ilimtuma Profesa William Simpson, mtaalamu wa afya ya umma, azunguke Afrika Mashariki aangalie usafi. Alipita miji yetu na kuandika ripoti ndefu. Alizungumzia mitaro, taka, msongamano, maji, na mengi ya hayo yalikuwa kweli. Lakini suluhisho lake kubwa lilikuwa kutenganisha watu: Wazungu wakae kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, na katikati kuwe na nafasi wazi. Hoja yake ilikuwa kwamba desturi za watu hazifanani, na magonjwa yatawafuata walio safi kama wataishi karibu na walio wachafu.

Tembea Kisumu leo utaiona ramani hiyo bado iko chini ya miguu yako. Juu kwenye mwinuko, Milimani, nyumba kubwa na miti mikubwa. Chini kidogo, maduka ya zamani ya Wahindi. Na sisi? Manyatta, Nyalenda, Obunga, mitaa inayouzunguka mji kama mshipi. Manyatta na Nyalenda zilikua nje ya mpaka wa mji, na ni kwenye miaka ya 1970 mpaka uliposogezwa zikaingizwa ndani. Miaka yote hiyo ya kuwa nje, nani angewaletea mfereji wa maji taka? Huwezi kuletewa mfereji kwa mji ambao wewe, kwa karatasi, hauko ndani yake.

Kitu kinachoniuma kuhusu ripoti kama zile ni hiki. Panya hajali rangi ya mtu, anajali gunia la mahindi. Ukikusanya taka, ukajenga stoo isiyopenyeka, ukaweka maji safi, panya anapungua kwa kila mtu. Lakini hiyo inahitaji kutumia pesa kwa watu usiowaheshimu. Rahisi zaidi ni kusema wao ndio wananuka, halafu uwasogeze upande ambao upepo hautakuletea.

Piny Owacho, na panya wa dani

Turudi kwa swali la dani. Mwaka 1915 ilipitishwa sheria ya Ardhi za Taji. Mwaka 1920 nchi ikageuzwa kutoka himaya kuwa Koloni ya Kenya. Mwaka 1921 mahakama ikatamka kwamba Mwafrika kwenye ardhi hiyo ni mpangaji tu wa Mfalme, anakaa kwa hisani. Soma tena hilo neno: mpangaji. Babu yako amezikwa pale, kitovu chako kiko pale, halafu landlodi yuko London.

Watu wa Nyanza hawakunyamaza. Desemba 1921 walikutana Lundha, huko huko Gem, si mbali na kwa dani, wakaunda Young Kavirondo Association. Walikuwa vijana waliosoma shule za misheni, walimu wengi wao, mmoja wa vinara akiwa Jonathan Okwiri. Mwananchi wa kawaida alikiita chama hicho Piny Owacho, yaani nchi imesema. Madai yao yalikuwa makubwa: tusiwe koloni, tupewe hati za ardhi, kodi ipunguzwe, kipande kiondolewe. Julai 1922 gavana mwenyewe, Edward Northey, alikuja kuwasikiliza Nyahera, hapa karibu na mjini. Kambi za kazi zilifungwa baada ya hapo. Mengine? Subirini.

Kisha mwaka 1923 chama kikaingia mikononi mwa Shemasi Mkuu (Archdeacon) Walter Owen, mmishonari wa Kianglikana, akiwa rais wake. Kikapewa jina jipya refu: Kavirondo Taxpayers Welfare Association, chama cha ustawi wa walipa kodi. Na wanachama wakaanza kutoa ahadi za aina nyingine. Nitachimba choo. Nitapanda miti. Sitalewa. Na hii hapa ndiyo iliyonifanya nisimame katikati ya chumba saa nane usiku: nitaua idadi fulani ya panya kila wiki.

Panya wa dani walikuwa kweli!

Sasa nataka kuwa mkweli, kwa sababu hadithi hii haina shetani mmoja. Tauni ilikuwa inaua watu Nyanza, na kuua panya kuliokoa maisha. Choo kinaokoa maisha. Na Owen hakuwa kibaraka. Alipiga kelele dhidi ya kazi za kulazimishwa, hata za watoto, mpaka masetla wakampa jina la kumtusi. Ninamheshimu kwa hilo.

Lakini angalia kilichotokea kwa mazungumzo. Mwaka 1921 vijana wanauliza: ardhi ni ya nani? Miaka 2 baadaye jibu ni: umeua panya wangapi wiki hii? Swali la mipaka liligeuzwa kuwa swali la usafi wa nyumba yako. Si kwamba usafi ni uongo. Ni kwamba swali la kwanza halikujibiwa.

Na kwa mtaa wangu bado tunajibiwa hivyo hivyo. Uliza kwa nini taka haizolewi, utaambiwa watu wa Manyatta ni wachafu.

Taa ya noti feki

Nilirudi mjini nikiwa na siku 9 na akili mpya. Kabla ya kumlaumu paka, nitauliza ni mipaka gani inatikiswa.

Mkojo wa paka uking'arishwa na ile taa ya zambarau ya kukagua noti feki unawaka. Dada wa duka la M-Pesa chini ya ploti alinikopesha yake usiku, akiniangalia kama mtu amerukwa na akili. Nilizima stima, nikaiwasha. Manze! Ukuta ulikuwa kama ramani ya reli. Lakini ramani hiyo ilikuwa na mpangilio: madoa mengi kabisa yalikuwa chini ya dirisha na kwenye fremu ya mlango. Katikati ya chumba, karibu hakuna. Begi langu na stendi ya simu vilikuwa vimewekwa wapi? Chini ya dirisha.

Nikachungulia nje na tochi. Huyo hapo, dume mweusi mwenye sikio limechanika, amekaa juu ya lundo la taka nyuma ya ploti, amejaa starehe. Lundo hilo halijazolewa tangu Januari, ingawa kila mpangaji hapa hulipa pesa ya taka pamoja na kodi. Taka imeleta panya, panya wamemleta yule dume, dume anapulizia ukuta wa nje, na Mbuta anajibu kutoka ndani. Walikuwa wanaandikiana barua usiku kucha, na mimi ndiye karatasi.

Kwa hivyo hizi ndizo hatua nilizochukua, na ukiwa na shida kama yangu zifuate.

Moja, hakikisha ni kupulizia kweli. Anayepulizia husimama, mkia juu, anatoa kidogo ukutani. Akichuchumaa na kumwaga mahali pa ajabu, anaweza kuwa mgonjwa au hapendi sanduku lake la mchanga. Na dume akijikamua bila mkojo kutoka, kimbia kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, anaweza kufa kwa muda mfupi.

Mbili, mhasi. Hii ndiyo kubwa. Madume kama 9 kati ya 10 hupunguza sana au huacha kabisa. Daktari niliyempata amezoea ng'ombe na mbwa, aliponiona na Mbuta kwa karatasi ya sukari akacheka, lakini kazi aliifanya vizuri. Ilinigharimu 3,500, yaani nusu ya kodi. Niliuza taa yangu ya duara ya kurekodia. Ndiyo maana video za siku hizi ni za mchana tu, msiniulize tena.

Tatu, osha kwa akili. Usimwage Jik. Mkojo una amonia, na Jik ikikutana na amonia inatoa gesi inayoumiza mapafu, tena kwa bedsita yenye dirisha moja. Sabuni ya kawaida nayo inaondoa doa tu, harufu anaisikia bado, na akiisikia anarudi kuiandika upya. Tafuta sabuni yenye vimeng'enya, zinauzwa maduka ya dawa za mifugo na wanyama. Loweka, iache ikauke yenyewe, rudia.

Nne, ondoa chanzo cha ugomvi. Niliziba nusu ya chini ya dirisha na karatasi asione nje. Nikaziba na upenyo wa chini ya mlango.

Tano, na hii ni bure, acha kumpigia kelele.

Jumatatu ya pili

Kulikuwa na tatizo. Daktari aliniambia homoni hazitoki siku moja, inaweza kuchukua wiki kadhaa kabla tabia ibadilike. Mimi nilikuwa na siku 4. Jumapili usiku Mbuta alipulizia tena, kidogo, kwa mguu wa meza. Nilikaa chini nikalia, sina haya kusema. Nilishatoka chuo na begi moja, na sasa naona kama nitatoka hapa pia na begi lile lile, likinuka.

Landlodi alifika saa mbili. Nilikuwa nimejipanga kumweleza habari za Profesa Simpson, bahati nzuri sikupata nafasi. Mama Achieng' wa mlango wa pili, ambaye nilidhani ananichukia kuliko wote kwa sababu ya ile harufu, alitoka na sufuria mkononi.

"Mzee wangu, huyo paka umuache. Kabla yake panya walikuwa wanakula unga wangu na sabuni. Mwaka huu sijanunua sumu hata mara moja. Wewe ukitaka harufu iishe, anza na hiyo takataka hapo nyuma. Tunalipa kila mwezi."

Kimya. Wapangaji wengine wawili wakatoka nje na kusimama tu, bila kusema kitu. Nilifikiria Lundha. Si lazima watu wawe wengi.

Landlodi aliangalia lundo. Aliangalia viatu vyake. "Mpaka mwisho wa mwezi," akasema, na akaenda. Alhamisi mkokoteni ulikuja ukabeba sehemu ya taka. Sehemu tu, lakini ulikuja.

Wahenga walisema paka wa nyumba haingwi, kwamba paka wa nyumbani hafukuzwi. Nilikuwa nadhani ni methali ya mgeni na mwenyeji. Sasa naisoma tofauti: kabla hujamfukuza anayenuka, uliza nani alikuwa anakula panya wako.

Leo ni wiki ya 3 tangu Mbuta ahasiwe. Begi la chuo nimelifua mara nne. Ndani nilikuta kalamu mbili, risiti ya ada ambayo haikutosha, na daftari la somo la historia lenye kurasa tano tu zilizoandikwa. Nimeanza kuandika ya sita, na mengi uliyosoma hapa yalianzia huko.

Jana jioni Mbuta alisimama chini ya dirisha, akaupa ukuta mgongo. Mkia ukapanda. Ukatetemeka. Binamu akaacha kutafuna, mimi nikashika pumzi. Hakuna kilichotoka. Akakaa kidogo kama mtu aliyesahau alichokuja kusema, halafu akapanda juu ya begi, akajikunja, akalala.

Mwisho wa mwezi ni Ijumaa. Dani amenitumia omena za kukaanga, nusu zangu, nusu za mpangaji mwenzangu.